Kamera Iishie Pale Hodi Inapopigwa: Mwongozo wa Kufunga CCTV kwenye Nyumba ya Kupangisha kwa Siku, Bagamoyo

Asubuhi moja nilifungua simu nione kama wageni wangu wameamka. Kamera ya sebuleni ilinionyesha korosho moja kubwa nyekundu na maandishi yaliyokatika: "EMA SI MLAN". Mgeni alikuwa ametundika khanga juu ya kamera. Hakuvunja kitu wala hakunipigia simu kulalamika. Siku ya kuondoka aliikunja taratibu, akaniambia, "Dada, samahani kwa khanga. Pale sebuleni tulishindwa hata kuvua mitandio." Nyumba njema si mlango, ndivyo khanga yenyewe ilivyosema. Niliitikia, nikacheka, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Nyumba ni ya urithi, ina vyumba vitatu, na mara nyingi kila chumba kina mgeni wake. Sebule, jiko na ua ni vya wote. Kamera niliifunga kwa sababu ambayo kila mwenye nyumba ataielewa: rimoti ilipotea, sufuria zikapungua, na wageni wawili wakasingiziana kuhusu chaja. Niliona jicho la sebuleni litamaliza ugomvi. Lilichomaliza ni raha ya wageni.

Mwongozo huu nawaandikia wenzangu wa Dunda, Magomeni, Ukuni na njia ya Kaole wanaopokea watu wa Dar kila wikiendi, na wageni kutoka mbali wanaokuja kuona Mji Mkongwe wa Bagamoyo au tamasha la pale TaSUBa, chuo chetu cha sanaa. Kamera siikatai, ninazo mbili hadi leo. Swali langu ni moja tu: ziishie wapi?

Hatua ya 1: Tembea nyumba yako na karatasi

Anzia barabarani. Jifanye mgeni uliyeshuka kwenye bajaji na begi lako, ingia hadi kitandani, na kila unapopita andika mahali na anayepaswa kupaona.

Nyumba zetu za zamani zimeshafanya nusu ya kazi hii. Mbele kuna baraza, ambapo yeyote hukaa na kahawa yake. Kisha daka, pale mlangoni ambapo mtu husimama akapiga hodi. Baada ya hapo ukumbi, vyumba, na nyuma ua. Waliojenga hivyo walijua kwamba mpita njia hatakiwi kuona ndani hata mlango ukiwa wazi. Mstari wako uko pale pale: kamera inaweza kuona hadi mahali mtu anapopiga hodi. Akishakaribishwa, imetosha.

Kwenye nyumba mpya za geti na ukuta, mstari ni mlango wa mbele. Geti, maegesho, njia ya kutoka getini hadi mlangoni na mlango wa stoo unaotazama nje vinaweza kuwa na kamera. Ukishavuka kizingiti, hapana.

Ua ndio unaobishaniwa. Fundi atakwambia ua hauna paa, kwa hiyo ni nje. Kwa hesabu za mabati yuko sahihi. Lakini uani ndipo mtu anapofua, anaposuka nywele, anapotoka bafuni na khanga moja, anapokula na wanawe mkekani. Kwetu ua ni ndani. Kama unahofia mtu kuruka ukuta wa nyuma, funga kamera upande wa nje wa ukuta ikitazama uchochoro, au weka taa ya sensa. Bafu au choo cha uani hata usikijadili.

Hatua ya 2: Jua kanuni za mtandao unaotangazia

Wengi bado wanafuata ushauri wa zamani kwamba kamera ya sebuleni au koridoni inaruhusiwa mradi ionekane na uitaje kwenye tangazo. Kwenye Airbnb ilikuwa hivyo kweli. Mnamo Machi 2024 kampuni ilitangaza kupiga marufuku kamera zote za ndani, dunia nzima, kuanzia tarehe 30 Aprili 2024. Haijalishi kama unapangisha nyumba nzima au chumba kimoja huku wewe mwenyewe unaishi humo. Haijalishi kama kamera inaonekana. Hata iliyozimwa hairuhusiwi. Na kamera ya nje iliyogeuzwa ili ichungulie ndani kupitia dirishani inahesabiwa kuwa ya ndani.

Kilichobaki ni kamera za nje na kengele za mlangoni zenye kamera, kwa sharti kwamba uzitaje na kueleza zilipo kabla mgeni hajalipia. Sehemu za nje zenye faragha zaidi, kama bafu la nje lililozungushiwa uzio, nazo haziguswi. Kifaa cha kupima kelele kinaruhusiwa kama kinapima ukubwa wa sauti tu bila kurekodi maneno, kimetajwa, na kiko sehemu ya wote, siyo chumbani.

Kama wateja wako wanatoka WhatsApp na Instagram, hakuna kampuni ya kukufungia tangazo. Bado ningekushauri ufuate mstari huo huo, kwa sababu ya hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Sheria yetu wenyewe

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Juu ya hapo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia.

Picha ya uso wa mtu anayeweza kutambulika ni taarifa binafsi. Kwa hiyo unaporekodi wageni kwa ajili ya biashara, unakusanya taarifa zao, na sheria inataka mambo ambayo hata bila mwanasheria yanaeleweka: uwe na sababu halali, umwambie mtu kabla ya kumrekodi, usikusanye kuliko unavyohitaji, usikae nazo muda mrefu kuliko sababu yako, uzilinde, na usizitumie kwa jambo jingine. Mtu aliyerekodiwa ana haki ya kuomba kujua unacho nini chake. Sheria inataka pia wanaokusanya na kuchakata taarifa binafsi wajisajili kwenye Tume. Usisubiri mgeni akushtaki ndipo uulize. Wasiliana na Tume uulize kuhusu biashara yako mapema.

Wanaosahaulika ni wafanyakazi. Dada wa usafi na mlinzi ndio wanaorekodiwa zaidi ya mgeni yeyote, kila siku. Waambie nao. Nimeona mwenye nyumba akimkata mshahara dada kwa sababu kamera "ilimwonyesha amekaa barazani". Kamera ilifungwa kwa ajili ya wezi, ikageuzwa mnyapara.

Hatua ya 4: Nenda kwa jirani kabla ya fundi

Hatua hii niliiruka, na jirani ndiye aliyenikumbusha. Siku ya pili baada ya kufunga kamera ya geti, bibi wa nyumba ya pili alinisimamisha njiani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, halafu akauliza, "Mwanangu, lile jicho lako la juu linaniona nikianika?"

Nilimwambia hapana. Jioni nikafungua picha kwenye simu na kuitazama vizuri: kona ya kushoto, kamba ya nguo ya bibi yote, na nusu ya mlango wa bafu lake.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kutoboa, mwambie fundi aishike kamera kwa mkono pale unapotaka, akiwa ameiunganisha na simu. Wewe tazama picha. Kisha mwite jirani aitazame pia. Kama kipande cha kwake kinaonekana, geuza kamera. Kama haiwezekani, tumia kisanduku cheusi cha kuziba, ambacho karibu kila mashine ya kurekodia inacho kwenye mipangilio. Kinafuta sehemu hiyo ya picha moja kwa moja, hata wewe huioni. Nilimwonyesha bibi kile kisanduku cheusi juu ya kamba yake ya nguo. Akanitaka nimwonyeshe mara mbili.

Hatua ya 5: Chagua vifaa

Nyumba ya kawaida inatosha na kamera mbili: moja ya geti au baraza, moja ya maegesho. Fundi atataka kukuuzia seti ya nane. Muulize kila moja itajibu swali gani.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kamera za waya wa koaksia (kama ule wa antena ya TV) na mashine ya kurekodia iitwayo DVR, rahisi kutengeneza, na mafundi wake wapo kila mahali. Ya pili ni kamera za mtandao zinazotumia waya wa kompyuta na mashine ya kurekodia iitwayo NVR. Waya mmoja unabeba picha na umeme, hadi mita 100. Ya tatu ni kamera ndogo za Wi-Fi zenye memori kadi ndani. Hizi za tatu ni za haraka, lakini mwizi akiing'oa kamera ameondoka na ushahidi wote, na nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina kuta nene ambazo Wi-Fi haizipendi kabisa. Mimi natumia DVR ya kawaida iliyofungiwa stoo.

Kwa lenzi, angalia namba kwenye boksi. Ya milimita 2.8 inaona upana wa nyuzi kama 100 au zaidi; nzuri kwa maegesho, lakini uso wa mtu aliye mbali unakuwa nukta. Ya milimita 6 inaona upana mdogo, kama nusu ya hapo, na sura inaonekana. Uchochoro mwembamba unataka lenzi ya pili. Tena lenzi nyembamba haivamii kwa jirani, na hapo umeokoa maneno.

Tafuta pia yenye uwezo wa kusawazisha mwanga, ule unaoandikwa WDR. Jua letu linachomoza baharini. Kamera inayotazama pwani saa moja asubuhi bila uwezo huo itakuonyesha vivuli vyeusi vyenye mabegi.

Kuhusu kamera bandia, zile za boksi tupu na taa nyekundu: sizipendi. Mgeni anajibana kama vile anarekodiwa, na siku ya tukio huna kitu cha kumwonyesha.

Hatua ya 6: Ufungaji kwenye chumvi na chokaa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, na mafundi wanaotoka mjini hawapajui.

Hewa yetu ina chumvi. Kamera yenye alama ya IP66 au IP67 inazuia maji kuingia, lakini haizuii skrubu kula kutu. Dai skrubu za stenlesi, hata kama itabidi uzinunue mwenyewe. Viungio vyote vya waya viingie ndani ya kiboksi cha plastiki kilichofungwa. Fundi anayeviacha vikining'inia na kuvizungushia tepu nyeusi amekupa miezi michache. Waya ukikaribia kuingia kwenye kiboksi au ukutani, uache ulegee kidogo kwa chini kama mkufu, maji ya mvua yadondokee pale badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kuta za nyumba za kale ni matumbawe na chokaa. Ukitoboa kwa drili ya kugonga, tundu linakuwa pango na plagi ya plastiki inazunguka tu. Nyumba nyingine zina thamani ya kihistoria, kwa hiyo uliza ofisi ya Mambo ya Kale kabla ya kutoboa chochote mbele. Mlango wa nakshi usiguswe, wala fremu yake. Mimi nilifunga ubao mdogo kwenye boriti ya baraza, kamera ikakaa kwenye ubao. Siku ikiondoka, inaondoka na ubao wake.

Kimo cha mita 2.5 hadi 3 kinatosha. Ikipanda zaidi unapata vipara na kofia, sura hakuna. Na usiku, kamera hutoa mwanga wa infraredi tusiouona. Ukiibana karibu na ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, mwanga unarudi usoni kwake na picha yote inakuwa ukungu. Isogeze mbele kidogo ya ukuta.

Usiku wadudu huzunguka kamera, na wadudu wanavuta mijusi na buibui. Kama simu inakuamsha saa nane usiku na taarifa ya "mtu ameonekana", mara nyingi ni utando wa buibui unaopepea mbele ya lenzi. Mara moja kwa mwezi, kitambaa laini na maji baridi yasiyo na chumvi. Msimu wa kaskazi ukivuma, mara mbili.

Hatua ya 7: Umeme, diski na bando

Kamera mbili na DVR hazizidi wati 30 hivi. UPS ndogo, kile kifaa kinachoshika umeme ukikatika, yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 itazibeba saa moja na nusu ikiwa bado mpya, pamoja na rauta pungufu kidogo. Kama una betri ya sola ya ampea-saa 50, utavuka usiku karibu wote. Ila usiunge kamera moja kwa moja kwenye betri ya sola: inapochajiwa hupanda hadi volti 14 na ushee. Pitisha kwenye kifaa cha kusawazisha volti.

Diski ni hesabu nyepesi. Kamera ya megapikseli 2 inayorekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 21.6 kwa siku. Mbili ni 43. Diski ya terabaiti 1 itabeba siku 23 hivi kabla ya kuanza kujifutia ya zamani. Ni nyingi kuliko unavyohitaji. Nimeiwekea yangu kikomo cha siku 10, kwa sababu mgeni akiwa na malalamiko huyaleta ndani ya siku mbili tatu. Kitu usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja.

Bando nalo halitumiki kwa kurekodi. Linatumika unapotazama ukiwa mbali. Picha ndogo ya nusu megabiti inakula megabaiti 225 kwa saa, picha kubwa ya megabiti 2 inakula 900. Kama bando lako linaisha kabla ya mwezi, jiulize unachungulia mara ngapi. Mimi nilijiuliza, na jibu lilinitia aibu.

Hatua ya 8: Mipangilio ambayo fundi huiruka

Zima sauti. Kamera nyingi huja na maikrofoni ikiwa imewashwa. Barazani watu wanazungumza mambo ya ndoa, ya mirathi, ya madeni. Hukuhitaji hayo kumjua mwizi wa baiskeli.

Badili neno la siri lililotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya kamera, mashine za kurekodia na rauta duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, yale ya "admin" na namba rahisi. Andika jipya, refu, liwe lako peke yako.

Mtoe fundi. Siku ya kufunga, fundi huunganisha mfumo na simu yake ili aupime, kisha anasahau, au hasahau. Kaa naye, fungua orodha ya watumiaji, futa simu yake mbele yako. Hapo hapo pakua programu mpya ya mashine kama ipo. Mlinzi kama anahitaji kutazama, mfungulie jina lake lenye ruhusa ya kuona tu, bila kupakua wala kufuta.

Weka saa. Hii nitaisimulia, ingawa inaniumbua. Jumapili moja mtungi wa gesi ulitoweka. Nikarudisha picha: saa 13:05, mtu mwenye kofia anatoka getini na mtungi begani. Familia iliyokuwepo iliondoka saa saba mchana ile ile. Nikawapigia simu, nikasema maneno. Baba wa familia akanyamaza kwa muda, akajibu, "Mama, sisi tumekuja na gari. Mtungi wa nini?" Jioni dada wa usafi akaniuliza kama kijana wa gesi ameshaurudisha mtungi uliojazwa. Aliuchukua saa kumi. Mashine ilikuwa bado kwenye saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu.

Kwa hiyo weka GMT+3, washa kujirekebisha kupitia intaneti, na kagua kila mwezi kwa kulinganisha na simu. Halafu, unapotoa maelezo polisi, kumbuka mashine inasema 21:40 na wewe unasema saa tatu na dakika arobaini usiku. Andika zote mbili kwenye karatasi.

Hatua ya 9: Sema, sema tena, bandika

Mgeni aambiwe mara tatu.

Kwanza kwenye tangazo, kabla hajalipa. Usiandike "kuna ulinzi wa kisasa". Hayo si maelezo. Andika hivi: "Nje kuna kamera 2. Moja inatazama geti na baraza ya mbele, nyingine maegesho. Hazirekodi sauti. Ndani ya nyumba na uani hakuna kamera. Picha hujifuta baada ya siku 10."

Pili kwenye ujumbe wa kumkaribisha, pamoja na ramani na namba ya mtu wa ufunguo. Tatu getini, kibao chenye maneno hayo kwa Kiswahili na Kiingereza, mahali anapokisoma kabla ya kuingia kwenye picha. Kibao changu kiko kimo cha macho, chini ya taa.

Ukifika na mgeni, mwonyeshe kamera kwa kidole. Inachukua nusu dakika. Tangu nianze hivyo hakuna aliyeniuliza "na ndani je?" kwa ule uso wa wasiwasi.

Kama uko kwenye jengo la ghorofa na mwenye jengo ameweka kamera zake kwenye ngazi au lango, hizo nazo zitaje, hata kama si zako.

Hatua ya 10: Sebule, jiko na ukumbi bila kamera

Utalindaje vya ndani? Hapa nimejaribu mengi, na yaliyofanya kazi ni ya kizamani.

Kila chumba kina kufuli lake zuri na kabati dogo la kufunga. Ugomvi wa chaja uliisha siku niliyoweka kabati. Sehemu za wote nimezipunguzia vitu: sufuria nne, sahani nane, rimoti imefungwa kamba mezani. Dada wa usafi anapiga picha sita za simu kabla ya kila mgeni kuingia na sita baada ya kutoka, kona zile zile, na anazihesabu sahani. Mgeni anaambiwa hilo naye, na mara nyingi anaomba picha hizo mwenyewe ili asisingiziwe.

Kwa sherehe za watu arobaini kwenye nyumba ya watu sita, kamera ya geti inahesabu magari. Zaidi ya hapo kuna jirani. Bibi wa nyumba ya pili ananipigia kabla ya kifaa chochote.

Hatua ya 11: Siku ya tukio

Usikimbilie kundi la WhatsApp. Kumbandika mtu mtandaoni ukimwita mwizi kunaweza kuwa kesi juu yako, hata kama unaamini ni mwizi. Na unaweza kuwa umekosea. Rejea mtungi wa gesi.

Fanya haya siku hiyo hiyo, kwa sababu diski inajifuta. Tafuta tukio, toa kipande kuanzia dakika chache kabla hadi dakika chache baada, ukiweke kwenye flashi mbili. Usikikate wala kukiandika juu. Kurekodi skrini kwa simu kunaharibu ubora na kunaleta maswali. Andika tarehe, saa ya mashine, saa halisi, na nani alitoa. Nenda kituo cha polisi, chukua RB (namba ya taarifa yako), kabidhi flashi moja na uandikishe kwamba umeikabidhi. Mgeni akiomba kuona kipande kinachomhusu, mwonyeshe, ukiziba sura za wengine kama inawezekana.

Kama wewe ndiye mgeni

Soma tangazo, uliza kwa maandishi. Ukiingia, angalia vitu vinavyotazama kitanda au bafu bila sababu: king'amua moshi kilicho mahali pa ajabu, saa, chaja ya ukutani yenye kitundu. Zima taa, mulika tochi polepole ukitafuta mng'ao wa kioo kidogo. Kamera ya mbele ya simu mara nyingi huona vitaa vya infraredi ambavyo macho hayavioni. Ukikuta kitu, usikichomoe: kipige picha kilipo, kifunike, toka, kisha toa taarifa kwa mtandao uliokodishia na polisi.

Nami nimeshakaguliwa. Nilipoitoa kamera ya sebuleni niliacha tundu ukutani, nikaliziba kwa kutundika saa ya ukuta juu yake. Wiki hiyo hiyo nikaingia kuleta mkate wa mofa, nikamkuta mgeni kapanda juu ya kiti, saa mkononi, anachungulia lile tundu kwa tochi ya simu. Tukatazamana. Kesho yake nilimwita fundi wa chokaa.